Texas au Nebraska? Kabla hujahamia kwenye kazi za ng'ombe, angalia namba hizi kwanza

Shemeji yangu yuko Dallas, anafanya ghala usiku. Juzi kanipigia anasema mgongo umechoka na kuna jamaa kamwambia kwenye kazi za ng'ombe kuna hela, sasa swali lake ni moja tu, aje huku kwetu Amarillo, Texas, au apande mpaka Nebraska? Na si yeye peke yake, tangu mwisho wa 2025 naulizwa hilohilo na Wakongo, Warundi, Watanzania wenzangu, na kwenye simu huwa naeleza nusu alafu mtu anaingia shifti anakata. Kwa hiyo naandika hapa yote niliyonayo, mtu asome taratibu akiwa amekaa.

Mimi nimefanya kiwanda cha nyama miaka minne, upande wa kukata, na sasa niko fidiloti naendesha lori la chakula. Kwa asiyejua, fidiloti ni mazizi ya kunenepeshea ng'ombe, zizi baada ya zizi mpaka macho yanachoka, ng'ombe analetwa akiwa na pauni 700 au 800 hivi, anakula nafaka miezi mitano sita, anatoka na pauni kama 1,500, yaani kilo 680, anapelekwa kuchinjwa. Huku Texas kaskazini fidiloti moja kuwa na ng'ombe 50,000 si ajabu. Sisi tuliozoea ng'ombe anauzwa ada ya mtoto ikifika au mgonjwa akilazwa, inachukua muda kuelewa kwamba hapa kila ng'ombe anapangiwa mwezi wa kutoka tangu siku anapita getini.

Wengi wanaolinganisha Texas na Nebraska wanaanza na baridi, kodi na mshahara. Ni mambo ya kweli na nitayafikia, ila mimi nasema anza na ng'ombe wenyewe, maana saa zako za wiki zinategemea kama ng'ombe wanatembea au wamesimama.

Waliomo na waliotoka

Kila mwezi, Ijumaa moja saa tisa alasiri kwa saa za Washington, wizara ya kilimo ya Marekani inatoa ripoti ya ng'ombe walioko fidiloti. Wanahesabu zile zenye uwezo wa kubeba ng'ombe 1,000 kwenda juu, wadogo hawamo. Ripoti ni bure, yeyote anafungua kwenye simu, na ukiacha majedwali yake yote kuna namba tatu za kushika: waliomo tarehe 1 ya mwezi, walioingizwa mwezi uliopita, na waliouzwa kwenda kuchinjwa.

Watu wote wanakimbilia ile ya kwanza. Tarehe 1 Februari 2022 walikuwa milioni 12.2, haikuwahi kufika hapo kwa Februari tangu hesabu hizi zianze 1996. Tarehe 1 Januari 2024 milioni 11.9. Tarehe 1 Januari 2025 milioni 11.8. Tarehe 1 Septemba 2025 milioni 11.1, na hapo usishtuke, kila mwaka kiangazi kikiisha huwa wako chini, linganisha Septemba na Septemba utaona wamepungua asilimia 1 tu. Ukiishia hapo unasema mbona kazi ipo tele.

Sasa chukua ile ya waliouzwa. Agosti 2024 walitoka ng'ombe milioni 1.82. Agosti 2025 wakatoka milioni 1.57. Hiyo ni asilimia 14 chini, ndio Agosti ya chini kuliko zote tangu 1996, na hata ukisema mwezi ule ulikuwa na siku moja ya kazi pungufu bado shimo ni kubwa.

Waliomo pungufu asilimia 1, waliotoka pungufu asilimia 14. Inakuwaje? Ni kwamba wanakaa muda mrefu zaidi. Ni kama gesti, unapita nje unaona taa zote zinawaka vyumba vyote vimejaa unasema hapa biashara iko moto, kumbe wageni ni walewale wa wiki iliyopita hawajaondoka. Fanya hesabu ndogo: mwanzo wa Agosti 2025 walikuwemo milioni 10.9, ndani ya mwezi wakatoka kama 14 katika kila 100. Mwaka uliotangulia, mwezi uleule, walitoka 16 katika 100.

Na wanakaa kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Ndama wa kujaza zizi ni adimu na bei yake imepanda vibaya, mwenye fidiloti akimtoa huyu mnene hajui atampata wapi mwingine, alafu mahindi 2025 yalikuwa bei nafuu, dola 4 hivi kwa busheli (kipimo cha kilo 25 hivi), kwa hiyo bora amwache aongeze pauni. Upande wa pili viwanda navyo vilikuwa vinanunua ng'ombe kwa bei ya juu kuliko wanachopata kwenye nyama, wakaamua kuchinja wachache. Matokeo yake ng'ombe wanatoka wakubwa ajabu, nyama ya maksai mmoja ikining'inia kwenye ndoano, bila ngozi bila matumbo, inapita pauni 940. Mimi niliyewahi kusimama kwenye laini na kisu nakuambia hizo pauni za nyongeza bega lako linazijua.

Kwa hiyo hapa ndo penye siri ya kuchagua. Ukienda kufanya kazi fidiloti, soma waliomo, maana ng'ombe aliyemo atakula leo, atakula Krismasi, atakula siku ya theluji. Ukienda kiwandani, soma waliouzwa, maana laini inasogea kwa ng'ombe anayefika getini tu. Kiangazi cha 2025 mazizi yetu yalikuwa yamejaa na mimi nagonga saa 55 kwa wiki, wakati rafiki zangu wa kiwandani, mji uleule, tunakaa majengo yaleyale, walikuwa wanapewa siku nne na wengine wanaambiwa Ijumaa baki nyumbani. Mama mmoja Mkongo tunayesali naye alinionyesha slipu ya malipo ya saa 32, watoto watano, alikuwa haongei ananiangalia tu. Yeye aliambiwa na wenyeji kwamba fidiloti zimejaa kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Waliomwambia hawakudanganya, walisoma namba isiyo yake.

Kula mbegu

Kuna kitu kingine lazima ukijue kwa sababu kinahusu miaka mitano ijayo na si mwezi ujao. Ng'ombe wote wa Marekani, fidiloti na malishoni pamoja, tarehe 1 Januari 2025 walikuwa milioni 86.7. Mara ya mwisho kuwa wachache hivyo ni 1951. Mwaka 1975 walikuwa milioni 132. Na majike ya nyama, wale mama wanaozaa hao ndama wetu, walikuwa milioni 27.9, kiwango cha chini tangu 1961. Ukame wa miaka mfululizo uliwafanya wafugaji wauze mama zao.

Alafu angalia mitamba. Ndani ya fidiloti, katika kila ng'ombe 100, 38 mpaka 40 miaka hii ni mitamba. Mtamba ukimnenepesha ukamchinja hutapata ndama kwake, ni sawa na mkulima anayekula mbegu. Ndio maana namba ya waliomo ilichelewa kushuka, ilikuwa inashikiliwa na mitamba ambao kawaida wangebaki malishoni wawe mama.

Sasa siku wafugaji wakiamua kuanza kubakiza mitamba, fidiloti zitapungua zaidi kabla hazijaongezeka. Hesabu: mtamba anapandishwa akiwa na miezi kama 15, anabeba mimba miezi tisa, ndama ananyonya miezi saba, anapita malishoni, anaingia fidiloti miezi sita. Kutoka mfugaji anaamua mpaka nyama inaning'inia ni miaka mitatu hivi. Hakuna bosi wala rais anayeweza kufupisha hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia vumilia kidogo ng'ombe watarudi mwaka ujao, mpende lakini usimsikilize.

Texas

Fidiloti za Texas ziko kaskazini, kuzunguka Amarillo, Hereford, Dalhart, Dimmitt. Hewa kavu, upepo hauishi, na ukavu ndio uliowaleta, ng'ombe hapendi matope. Ni chache lakini kubwa kubwa. Kwa miaka mingi Texas ndio imekuwa ya kwanza, na ukijumlisha Texas, Nebraska na Kansas unapata karibu theluthi mbili ya ng'ombe wote walio kwenye ile ripoti.

Tatizo la Texas linaanzia Mexico. Kila mwaka Mexico ilikuwa inaleta ndama zaidi ya milioni 1, wengi kutoka Chihuahua na Sonora, wanavukia sehemu kama Santa Teresa, wanaishia kwenye mazizi ya huku kusini. Novemba 2024 akaonekana Chiapas, kusini mwa Mexico, yule nzi ambaye funza wake wanakula nyama ya mnyama aliye hai, anataga kwenye kidonda, hata kidonda cha kupe, ndani ya siku chache kinakuwa shimo. Marekani ikafunga mpaka. Ikafungua Februari 2025, ikafunga tena Mei 11, Julai 7 ikafungua kituo kimoja cha Douglas kule Arizona, Julai 9 ikafunga. Siku mbili! Septemba 2025 akapatikana ng'ombe mwenye funza hao Sabinas Hidalgo, Nuevo León, chini ya maili 70 kutoka mpaka wa Texas.

Nikusimulie ninachokiona mimi. Saa kumi na moja alfajiri kabla sijapakia lori, yupo mzee anayepita na gari na taa, kazi yake ni kusoma hori. Anasimama kila zizi anaangalia kilichobaki kwenye hori usiku kucha, kama pamelambwa mpaka saruji inang'aa anaongeza, kama kuna chembe zimebaki anaacha vilevile, kama kuna rundo limechacha anapunguza. Alafu mimi napakia mahindi yaliyopitishwa kwenye mvuke yakabanwa yakawa kama maganda mapana, bado ya moto, yananukia kama uji, nachanganya na majani na dawa za madini namwaga kwenye hori kilomita kwa kilomita. Zamani yule mzee alikuwa anatembea na karatasi tatu za orodha ya mazizi. Siku hizi kuna safu kule nyuma, mazizi ambayo yalikuwa ya ndama wa Mexico, hori zake zina vumbi na nyasi zimeota, anapita bila kusimama. Karatasi zimebaki mbili.

Pengo hilo linazibwa kidogo na ndama chotara wa ng'ombe wa maziwa na wa nyama, ambao wanaingia wadogo wanakaa muda mrefu. Wanasaidia, ila hawatoshi kujaza safu zile.

Viwanda vya huku ni vya Amarillo, Cactus na Friona. Kampuni ya nyama ya Tyson ilitangaza tarehe 21 Novemba 2025 kwamba Amarillo inabaki na shifti moja, watu kama 1,700 wanaguswa. Na wenyeji hawajasahau Plainview, saa moja na kidogo kusini mwetu, Cargill, kampuni nyingine ya nyama, ilifunga kule Februari 2013 watu 2,000 wakaondoka, sababu ni hiyohiyo, ukame umemaliza ng'ombe. Kiwanda hakifungwi kwa sababu watu hawali nyama, nyama ya kusaga 2025 ilipita dola 6 kwa pauni na watu wananunua. Kinafungwa kwa kukosa cha kuchinja.

Nebraska

Nebraska wana vitu viwili ambavyo sisi hatuna. Cha kwanza ni mama wao wenyewe, kule Sandhills ni nyasi kwa maili mamia, ndama wanazaliwa hapohapo, mpaka wa Mexico ukifungwa wao hawatikisiki sana. Cha pili ni mahindi yao na viwanda vya ethano, yaani mafuta ya gari yanayotengenezwa kwa mahindi, yale masalio mabichi yanayotoka kiwandani yanaenda moja kwa moja kwenye hori yakiwa bado na maji, sisi huku mahindi mengi yanakuja kwa treni. Na chini ya Sandhills ndiko maji ya ardhini yalikojaa zaidi, huku Texas visima vinazidi kushuka.

Fidiloti zao ni nyingi na nyingi ni ndogo kuliko zetu, mara nyingi ni familia yenye mashamba na mazizi pamoja. Faida yake utafanya kila kitu, trekta, kuhesabu wagonjwa, kuziba maji, unajifunza. Hasara yake wengine hawana bima ya maana na wewe ndo mfanyakazi wa nne kati ya wanne. Ng'ombe wao wanapata daraja zuri zaidi la nyama na wanauzwa zaidi kwa kupatana bei wiki kwa wiki, huku kusini wengi wanaenda kwa mkataba wa fomula, yaani bei inakokotolewa kwa kanuni iliyokubaliwa mapema, na bei ya kaskazini mara nyingi inazidi yetu kwa dola kadhaa kwa kila pauni 100.

Ila usidhani Nebraska ni salama kila upande. Siku ileile ya Novemba 21, Tyson ilitangaza inafunga kabisa kiwanda cha Lexington, Nebraska, Januari 2026. Zaidi ya watu 3,000, kwenye mji wa watu kama 11,000. Kilikuwa na uwezo wa kuchinja karibu ng'ombe 5,000 kwa siku. Yaani katikati ya mkoa wenye ng'ombe wengi, ng'ombe wapo ukipanda gari unawaona kushoto na kulia, na bado mji umeachwa hivyo. Mahali pa kufarijiana ni North Platte, Sustainable Beef walifungua 2025 kiwanda kipya cha ng'ombe 1,500 kwa siku, lakini mwenyewe toa 5,000 weka 1,500.

Na maisha ya kawaida

Haya sasa ile baridi. Amarillo ina theluji na upepo wake, ila Nebraska Januari ni kitu kingine, na mazizini hukai ndani, na mwezi wa tatu ikiyeyuka ni matope mpaka magotini. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, Nebraska na Kansas wanakata. Viwandani sehemu nyingi wanaanza juu ya dola 20 kwa saa, fidiloti wanaanza chini ya hapo lakini saa ni nyingi na zinatabirika, wengine wanakupa nyumba au nyama, uliza. Watu wetu Amarillo tuko wengi, Kiswahili utakisikia dukani na kanisani, mtoto akiumwa kuna wa kumpigia. Kwa mama aliyefika karibuni na Kiingereza bado, hilo lina uzito kuliko dola mbili za saa.

Mimi ningechagua hivi

Kwa fidiloti, Nebraska. Najua naishi Texas na nalipwa Texas, lakini nasema ninachokiona, wanaotegemea ndama wa kwao watakuwa na hori zilizojaa kuliko wanaotegemea mpaka ufunguliwe. Mwenye mke na watoto wanaoweza kukaa mji mdogo, na mwenye leseni ya lori hasa, aende.

Kwa kiwanda, ningemwambia mtu asichague Texas wala Nebraska, aangalie kusini magharibi mwa Kansas. Sababu moja tu kubwa: Dodge City peke yake ina viwanda viwili, Cargill na National Beef, Tyson wako Holcomb karibu na Garden City chini ya saa moja na nusu, na Liberal kuna National Beef nyingine. Kimoja kikipunguza shifti unaweza kugonga mlango wa pili bila kuhamisha watoto shule. Lexington walikuwa na mlango mmoja mkubwa. Kansas nayo ina shida zake, maji yanashuka kama huku na joto ni kali, Juni 2022 ng'ombe wasiopungua 2,000 walikufa kwa joto ndani ya siku chache, na kama ng'ombe anakufa jua lile fikiria wewe unayewaokota. Lakini kwa mtu wa kiwanda napaona ndiko.

Kwa aliye peke yake bila familia, anayetaka hela ya haraka mwaka mmoja arudi shule, Amarillo bado inafaa, mradi ajue anakuja kwenye shifti moja.

Popote utakapoomba, uliza maswali haya kabla hujasaini: mkataba unanihakikishia saa ngapi kwa wiki hata laini ikisimama? Miezi mitatu iliyopita mmechinja siku ngapi kwa wiki? Kama ni fidiloti, mna nafasi ya ng'ombe wangapi na leo wamo wangapi, na ndama wenu wanatoka wapi? Wakisita kwenye hilo la mwisho, endesha gari uzunguke nyuma ya mazizi uangalie hori zenye nyasi.

Shemeji ana leseni ya lori na hapendi kisu. Nimempa namba ya jamaa aliyeko karibu na West Point, Nebraska, anaenda kuangalia mwenyewe wiki mbili zijazo, na Ijumaa ya ripoti tumekubaliana atanipigia saa tisa na robo tuisome pamoja.